Barafu ya Ukwaju, Stendi ya Same

Mama hakuruhusu friza yetu ibaki na nafasi hata ya ngumi. Barafu zikiuzwa, mahali pake alipanga chupa za maji. Friza iliyojaa, ikifungwa vizuri, hutunza baridi kama saa 48 umeme ukikatika. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Mwaka 2011, mgao wa umeme ulipoibana nchi, majirani kadhaa waliacha kuuza barafu. Sisi tulifunga kifuniko kwa kamba, tukalaza blanketi juu, na ole wake mtoto wa kuchungulia!

Mama ni wa milimani, na naamini akili hiyo alishuka nayo. Huko Vudee hadi Bangalala, wazee wa Kipare walijenga ndiva, mabwawa ya kukinga maji ya kijito usiku ili mchana yafunguliwe kwenda mashambani kwa mfereji. Yeye alikinga baridi umeme ulipokuwepo.

Wateja tunaletewa na jua. Upepo wa Bahari ya Hindi humwaga mvua upande wa mashariki wa milima, kwetu Same ukafika mkavu. Abiria wa Arusha au Tanga akishuka saa nane mchana, koo lake limeshakubali bei kabla sijafungua mdomo.

Ukwaju naloweka, navuruga kwa mkono, nachuja, natia sukari na tangawizi ya Mamba Myamba. Sukari ikizidi, barafu haikazi. Ikipungua, inakuwa jiwe. Ubuyu ndio fahari yangu. Unga wake una pektini, inayofanya uji uwe mzito na kuzuia chembe za barafu zisikue, ndiyo maana barafu yake huwa laini ulimini. Kwangu mimi inaishinda aiskrimu yoyote ya kiwandani, hata baada ya baiskeli za Azam kuingia mitaani na muziki wao na watoto kuzikimbilia.

Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, akina mama walianza kuja na mabakuli, wakanunua za nyumba nzima. Umeme nao umetulia kiasi tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha, Februari 2024. Kwa hiyo dada yangu ameanza aiskrimu ya maziwa. Yanashuka na gari la alfajiri kutoka Vudee. Yakifika jua limeshakaza, Mama hayapokei.