Anatukana bila kukusudia: Mzazi ajue nini kuhusu ugonjwa wa Tourette

Usiku wa Jumapili, Februari 22, 2026, waigizaji wawili weusi, Michael B. Jordan na Delroy Lindo, walipanda jukwaani katika ukumbi wa Royal Festival Hall jijini London kutoa moja ya tuzo za filamu za BAFTA. Wakiwa pale, sauti ya mwanamume ilisikika kutoka upande wa watazamaji. Ilikuwa ni neno la kibaguzi, lile ambalo watu weusi wametukanwa nalo tangu enzi za utumwa.

Wawili hao walisita kidogo, kisha wakaendelea na kazi yao.

Aliyepaza sauti ni John Davidson, raia wa Scotland mwenye umri wa zaidi ya miaka 50. Hakuwa amelewa wala hakuingia ukumbini kwa kuvamia. Alikuwa mgeni mwalikwa, kwa sababu filamu ya I Swear, iliyokuwa ikiwania tuzo usiku huohuo, inasimulia maisha yake. Tangu utotoni Davidson anaishi na ugonjwa wa Tourette, ambao humfanya atoe sauti, miondoko na maneno ambayo hakuyapanga na hawezi kuyazuia.

Kabla sherehe haijaanza, watazamaji walikuwa wameelezwa kuwa huenda wakasikia sauti za namna hiyo. Hata hivyo, kuelezwa ni jambo moja, na kulisikia neno lile ni jambo jingine.

Ndani ya siku chache watu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema tusi ni tusi, na kwamba mtu hawezi kutamka neno ambalo halimo moyoni mwake. Wapo waliomtetea Davidson kana kwamba hakuna aliyeumia. Wachache walisema yote mawili ni kweli kwa pamoja: neno liliumiza, na aliyelitamka hana hatia.

Kwa mzazi, mjadala huo si wa London peke yake. Ugonjwa wa Tourette huanza utotoni, hauchagui taifa wala rangi, na mtu wa kwanza kumhukumu mtoto mwenye nao mara nyingi ni mzazi wake mwenyewe.

Ni ugonjwa gani huu?

Jina lake linatokana na daktari Mfaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeuelezea mwaka 1885. Ni tatizo la mfumo wa fahamu, yaani ubongo na mishipa inayopeleka taarifa mwilini. Si tabia mbaya, si matokeo ya malezi mabovu, na hauambukizi. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana.

Dalili zake huitwa tiki. Ni miondoko au sauti za ghafla zinazojirudia: kupepesa macho, kukunja uso, kupandisha mabega, kutikisa kichwa, kukohoa bila kuwa na kikohozi, kuguna, kuvuta pua au kubweka. Wengine hurudia maneno waliyoyasikia kwa watu.

Kwa kawaida tiki huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka mitano na saba, huzidi anapofika miaka 10 hadi 12, na kwa wengi hupungua ujana unapokwisha. Ili daktari aseme ni Tourette, mtoto anapaswa kuwa na tiki za mwili zaidi ya moja na angalau tiki moja ya sauti, ziwe zimedumu zaidi ya mwaka, na ziwe zilianza kabla hajafikisha miaka 18.

Tiki ya matusi, ambayo kitaalamu huitwa koprolalia, ndiyo inayojulikana zaidi kwa watu, lakini si ya wengi. Katika kila watu 100 wenye Tourette, ni kati ya 10 na 15 tu wanaoipata. Ndiyo maana watoto wengi wenye ugonjwa huu hawatambuliwi: mzazi anaona mtoto anapepesa macho tu, mwalimu anaona mtoto anasumbua darasani.

Je, hawezi kujizuia?

Hili ndilo swali linalowagawa watu, na jibu lake linahitaji uangalifu.

Wenye Tourette wengi husema kwamba kabla ya tiki kutoka, hutangulia msukumo fulani mwilini, kama mwasho au kama chafya inayokuja. Mtu anaweza kuibana chafya kwa muda, lakini akili yake yote inakuwa pale kwenye kuibana, na mwishowe itatoka. Tiki nayo ni hivyohivyo. Mtoto anaweza kujibana saa nzima darasani, kisha akifika nyumbani zinamtoka mfululizo. Mzazi akiona hivyo husema, “Mbona shuleni anatulia? Ananifanyia makusudi.” Ukweli ni kwamba nyumbani ndiko anakojiona salama.

Hofu, uchovu, msisimko na kutazamwa na watu huzidisha tiki. Kumgombeza nako huzidisha. Kwa hiyo fimbo na pilipili ya mdomoni, adhabu ambazo katika nyumba nyingi zetu huonekana dawa ya matusi, kwa mtoto huyu ni sawa na kumwagia moto mafuta ya taa.

Kwa nini linatoka neno baya kuliko yote?

Kama ni sauti tu za ubongo, mbona mtu hapazi sauti na kusema “meza” au “kiti”?

Wengine husema hayo pia. Lakini kwa wenye koprolalia, ubongo hukimbilia kile kilichokatazwa. Sehemu za ndani za ubongo zinazosaidia kuanzisha na kuzuia matendo hazifungi breki inavyotakiwa, na kadiri jambo linavyokuwa mwiko mahali pale, ndivyo msukumo wa kulitamka unavyoweza kuwa mkubwa.

Hata kwa watu wasio na Tourette, matusi hayatumii njia zilezile za ubongo ambazo maneno ya kawaida hutumia. Wapo wagonjwa wa kiharusi waliopoteza uwezo wa kuzungumza, hawawezi kuomba maji, lakini tusi linawatoka vizuri kabisa. Na madaktari wameandika kuhusu viziwi wenye Tourette ambao matusi huwatoka kwa mikono, kwa lugha ya alama.

Maisha ya Davidson yana mfano wa wazi. Mwaka 2019 alitunukiwa nishani ya MBE kwa kazi yake ya kuielimisha jamii kuhusu Tourette na kusaidia familia zenye watoto wa hali hiyo. Alikwenda kuipokea katika kasri la Holyroodhouse, Edinburgh, mbele ya Malkia Elizabeth. Ilikuwa siku ya heshima kubwa maishani mwake, na hapohapo likamtoka tusi la kumtukana Malkia.

Kama neno lile lingekuwa maoni yake, asingekuwa amekwenda kupokea nishani. Lilikuwa kinyume cha maoni yake: lilikuwa ndilo jambo aliloliogopa kuliko yote siku ile. Kwa simulizi lake mwenyewe, Malkia alilichukulia kwa utulivu, na nishani alivishwa.

Kijana wa Galashiels

Davidson alizaliwa mwaka 1971 na kukulia Galashiels, mji mdogo wa kusini mwa Scotland. Tiki zilipomzidi akiwa na umri wa kuanza sekondari, watu waliomzunguka hawakujua ni nini. Aliadhibiwa shuleni na kuonekana mtukutu. Hata mlo wa pamoja na familia ukawa mgumu, kwa sababu alikuwa akitema chakula bila kutaka.

Mwaka 1989 BBC ilionyesha filamu ya maisha yake, John’s Not Mad, yaani “John si kichaa”. Waingereza wengi walisikia habari za Tourette kwa mara ya kwanza kupitia kijana huyo, aliyeonekana akihangaika na matusi yake mbele ya watu. Wapo waliomwonea huruma. Wapo waliocheka, na watoto wakaigiza tiki zake kama mchezo.

Miaka iliyofuata alikutana na kila aina ya pokeo: kukwepwa, kuchekwa, hata kupigwa na watu waliodhani anawatukana wao. Kilichomwokoa, kama alivyoeleza mara nyingi, ni watu wachache walioamua kutomwogopa. Mama wa rafiki yake, aliyekuwa muuguzi wa afya ya akili, alimkaribisha nyumbani kwake na kumwambia asiombe radhi kwa ajili ya tiki zake. Baadaye alipata kazi katika kituo cha jamii mjini kwao, mahali ambapo watu walimzoea.

Ndiyo sababu tukio la London lilikuwa zito kwake. Aliondoka ukumbini kabla ya sherehe kuisha, na baadaye akaeleza uchungu na aibu aliyonayo iwapo kuna mtu aliyedhani alikusudia neno lile. Usiku huohuo Robert Aramayo, aliyeigiza maisha yake, alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Davidson hakuwamo ukumbini.

Na aliyeumizwa je?

Hapa ndipo watetezi wengi wa Davidson walipoteleza. Walieleza ugonjwa vizuri, wakawasahau watu wawili waliokuwa jukwaani.

Kwa mtu mweusi, neno lile lina historia ya minyororo na mauaji nyuma yake. Sikio halisubiri maelezo ya daktari. Mtu anaweza kuelewa kabisa kuwa aliyelitamka ni mgonjwa, na bado akalala nalo moyoni. Lindo alisema baadaye kwamba wao walifanya kilichowapasa pale jukwaani, lakini alitamani mtu kutoka kwa waandaaji angekuja kuzungumza nao.

Lawama kubwa ziliwaangukia watayarishaji. Matangazo yalirushwa na BBC yakiwa yamechelewa takriban saa mbili, muda wa kutosha kulikata neno, lakini liliwafikia watazamaji majumbani. BBC iliomba radhi na kuiondoa sherehe hiyo mtandaoni ili ihaririwe. BAFTA nayo iliomba radhi.

Funzo ni kwamba asiyeweza kuzuia neno halaumiwi, lakini walio karibu naye, wanaoweza kuandaa mazingira na kumjali aliyeumia, wana wajibu. Katika familia, hao ni wazazi.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, usikimbilie kuhukumu. Watoto wengi hupata tiki za muda, kama kupepesa macho, zikaisha zenyewe ndani ya miezi. Lakini zikiendelea, zikibadilika, zikimletea maumivu au zikimfanya achekwe, mpeleke kwa daktari wa watoto. Akiona haja, atamwelekeza kwa bingwa wa mfumo wa fahamu au wa afya ya akili ya watoto. Si ajabu mtoto wa namna hii akazungushwa kwa waganga na kwenye maombezi kwa miaka akidhaniwa ana mapepo. Anayetaka kumwombea mtoto na amwombee, lakini hospitali isisubiri.

Pili, rekodi video kwa simu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha Tourette. Daktari husikiliza historia na kutazama. Mtoto anaweza kujibana akiwa mbele ya daktari, hivyo video fupi ya nyumbani husaidia sana. Ibaki kwako na kwa daktari, isiende kwenye kundi la familia wala mitandaoni.

Tatu, uliza kuhusu matibabu. Hakuna dawa ya kuponya kabisa, lakini yapo mafunzo ya tabia ambayo humfundisha mtoto kuutambua msukumo unapokuja na kufanya tendo jingine badala ya tiki. Dawa hutumika tiki zinapokuwa kali. Wengi wao pia huwa na shida ya kutotulia, au mawazo na matendo ya kujirudia, ambayo huwatesa kuliko tiki zenyewe. Mweleze daktari yote.

Nne, zungumza na mwalimu kabla tatizo halijatokea. Omba mtoto aruhusiwe kutoka nje dakika chache akizidiwa, asiadhibiwe kwa tiki, na wenzake waelezwe kwa lugha rahisi, kama mtoto mwenyewe ameridhia.

Tano, nyumbani msizicheke tiki wala msizikemee. Ziacheni zipite, endeleeni na mazungumzo. Hii haina maana kwamba mtoto mwenye Tourette hakosei kamwe. Akimpiga mdogo wake kwa hasira au akikataa kazi, mrekebishe kama wengine. Muda si mrefu mzazi hujifunza kutofautisha.

Sita, wewe ambaye mtoto wako hana tatizo hili, ukimsikia mtoto wa mwenzako akitoa neno zito kwenye daladala au msibani, usimkodolee macho, wala usimwambie mama yake kuwa ameshindwa kulea. Watoto wako watajifunza kwa kukutazama.

Na neno likishamfikia mtu, usimwache mtoto ajieleze peke yake, wala usimwambie aliyeumia kwamba hana sababu ya kuumia. Yaseme yote mawili: “Samahani sana, kijana wangu ana ugonjwa wa Tourette, maneno humtoka bila kutaka. Najua neno hilo limekuumiza, pole.”

Kauli hiyo haichukui hata nusu dakika. Usiku ule pale London, ndiyo waliyoisubiri waliokuwa jukwaani, na pengine ndiyo ingempunguzia mzigo Davidson aliyetoka ukumbini na aibu isiyo yake.