Je, Wajua? Pumzi Iliyotiwa Mfukoni

Je, wajua kwamba zumari ya mfuko haikuzaliwa Uskoti? Ukiitaja, wengi humwona Mskoti aliyevaa sketi ya mirabamiraba. Waskoti wameipa umaarufu, lakini Roma iliijua mapema sana. Mwanahistoria Suetonius anasimulia kuwa Mfalme Nero, alipozidiwa na maasi, aliapa kwamba akinusurika angepanda jukwaani na kuipiga mbele ya watu. Hakunusurika, alijiua mwaka 68.

Mfuko ule ni wa nini? Mpiga nzumari wa Pwani hujaza mashavu na kuvuta pumzi kwa pua huku akipuliza, ili sauti isikatike. Kwenye zumari ya mfuko kazi ya mashavu imepewa ngozi ya mbuzi, kondoo au ng'ombe: mpigaji anaipuliza, anaibana kwa mkono kwapani, na hata akivuta pumzi zumari inaendelea kulia.

Zumari kubwa ya Uskoti ina sauti tisa tu za kuchezea wimbo, basi. Mabomba matatu yanayolala begani hayabadili sauti, yanavuma mfululizo. Wala mpigaji hawezi kupandisha au kushusha nguvu ya sauti, au kunyamaza kidogo katikati ya wimbo. Noti moja ikitakiwa kurudiwa, huitenganisha kwa vinoti vya haraka vya vidole. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Ndugu zake? Wengi mno. Gaita ya Galicia, gaida ya Bulgaria, mezwed ya Tunisia, na zampogna ya Italia, ambayo wachungaji huteremka nayo mijini wakati wa Krismasi. Waairishi hawaipulizi kabisa yao. Hutia hewa kwa mivukuto inayosukumwa na kiwiko. UNESCO iliuingiza upigaji huo katika orodha ya urithi mwaka 2017.

Husemwa sana kuwa Uingereza ilipiga marufuku zumari baada ya vita vya Culloden, waliposhindwa waasi wa Uskoti, mwaka 1746. Sheria yenyewe ilikataza silaha na mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti, zumari haikutajwa. Lakini mwaka huohuo mpigaji wa waasi, James Reid, alinyongwa mjini York. Alijitetea kwamba hakubeba silaha. Mahakama ikajibu kuwa jeshi la Nyanda za Juu haliendi vitani bila zumari, kwa hiyo zumari yake ni silaha.

Katika Vita Kuu ya Pili, tarehe 6 Juni 1944, mwanajeshi Bill Millin alitembea kwenye ufuko wa Normandy, Ufaransa, akipiga zumari huku wenzake wakianguka. Wapigaji walikuwa wamezuiwa kwenda mstari wa mbele, ila kamanda wake, Lord Lovat, alisema amri hiyo ni ya Waingereza, na wao ni Waskoti. Wajerumani waliotekwa walieleza baadaye kwa nini hawakumpiga risasi: walidhani ana wazimu.

Na je, wajua kwamba zumari nzuri za Uskoti hutengenezwa kwa mpingo? Ndiyo, mti uleule wanaouchonga Wamakonde. Zamani mafundi wa Uskoti walitumia miti ya kwao, kisha mbao za visiwa vya Karibi, hadi mpingo ulipoipiku yote. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, hauvimbi ovyo kwa unyevu wa pumzi, na tundu lililotobolewa ndani yake hubaki laini. Ubaya wake ni uvivu wa kukua: huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Tangu 2017 biashara yake kimataifa imewekewa masharti. Huko Kilwa, Tanzania, vijiji vinavyomiliki misitu yake vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, ili mwanakijiji naye apate chake. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu ya historia ya zumari ambayo sisi tungepaswa kuisimulia kwa sauti kubwa.

Leo zumari imefika mbali na Uskoti. Oman ina kikosi kinachoipiga kikiwa juu ya ngamia.

Sialkot, mji wa Pakistan unaosifika kwa mipira ya miguu, hutengeneza zumari hizi kwa wingi na kuziuza duniani kote.

Imefika hata angani: mwezi Novemba 2015, mwanaanga Kjell Lindgren alipiga zumari ndani ya kituo cha anga za juu kumkumbuka mwenzake aliyefariki. Ile ilikuwa ya plastiki.