Daftari Mbele ya Jopo

Vijana wanaojiandaa kwa usaili huniuliza, tena kwa sauti ya chini kama wanaoulizia njia ya kuibia mtihani: naruhusiwa kuingia na karatasi yenye mambo yangu? Kwa waajiri wengi wa sekta binafsi na mashirika, ndiyo. Jambo la kujiuliza ni karatasi hiyo imebeba nini.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hushika takriban vitu saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 mtafiti Nelson Cowan aliishusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. Hofu nayo huipunguza zaidi nafasi hiyo ndogo. Sasa mwenyekiti wa jopo anasema: "Tueleze mgogoro uliowahi kuutatua kazini, ulishirikiana na nani, na leo ungefanya nini tofauti?" Hayo ni maswali matatu. Msailiwa hulijibu la kwanza vizuri, la pili nusunusu, na la tatu halikumbuki tena. Nimekaa kwenye majopo na kuona alama zikipotea hapo, kwa watu wanaoijua kazi barabara. Ndiyo maana ukurasa wa daftari ninaouthamini kuliko zote ni ule mtupu. Swali likisomwa, andika neno mojamoja: mgogoro, nani, leo. Kisha inua uso ujibu.

Kurasa zilizoandikwa nyumbani zibebe yale ambayo kichwa hupenda kuyavuruga, yaani miaka, kiasi cha fedha, idadi ya watu uliowasimamia na majina ya mifumo uliyotumia. Mtunza stoo anayeomba kazi ya ugavi anaweza kuandika hivi: "2023, leja na mali havilingani, kuhesabu upya, kadi za bidhaa, upotevu umepungua." Mstari huo unatosha kumrudisha kwenye tukio alilolipitia mwenyewe, naye atalisimulia kwa maneno yatakayomjia palepale.

Usiandike sentensi kamili. Ukiwa nazo utazisoma, hata kama uliapa hutazisoma. Sauti inanyooka, macho yanashuka, na msaili anaanza kujiuliza kama majibu ni yako. Kwenye usaili wa video ni vibaya zaidi, kwa kuwa kamera huonyesha macho yakitembea kutoka kushoto kwenda kulia mstari baada ya mstari. Kuhusu "jieleze kwa ufupi", nina msimamo mkali: hakuna anayepaswa kufungua daftari ili aeleze yeye ni nani.

Omba ruhusa mapema, ukishakaribishwa kukaa: "Mwenyekiti, naomba nitumie daftari langu kuandika maswali na kuangalia takwimu chache." Ukikataliwa, liweke chini ya kiti bila kunung'unika. Simu isichukue nafasi ya daftari, maana jopo halijui unasoma nini humo.

Ajira za serikali zina utaratibu wake. Nchini Tanzania, tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma la kuitwa kwenye usaili hutaja vitu vya kuja navyo, vikiwemo kitambulisho na vyeti halisi, na huonya kwamba hati za matokeo hazitakubaliwa badala ya vyeti. Lisome tangazo neno kwa neno. Kama daftari halikutajwa, chukulia kwamba hutalitumia, na dondoo zako zisome ukiwa bado nje.

Sehemu moja ya daftari hupuuzwa mno, nayo ni ukurasa wa mwisho. Jopo likiuliza, "Una swali lolote kwetu?", wengi hujibu "sina" kwa sababu kichwa kimeshachoka. Andika maswali matatu usiku uliotangulia. Ninayopenda kuyasikia ni haya: atakayeajiriwa atapimwa kwa lipi katika miezi mitatu ya kwanza, ataripoti kwa nani, na aliyekuwa kwenye nafasi hiyo aliacha kazi gani haijakamilika. Hilo la mwisho mara nyingi huwafanya wanajopo waanze kueleza kazi yenyewe ilivyo, na hapo kalamu yako iwe tayari.