Kifungio Lazima Kijue Kuachia

Skii nyingi za mteremko huuzwa zikiwa tupu. Ubao umekamilika, umepakwa rangi, kingo zake za chuma zimenolewa, lakini juu yake hakuna tundu hata moja. Vifungio, yaani vile vipande viwili vinavyolishika buti mbele na nyuma, huja katika boksi lao pamoja na skrubu, na lazima apatikane mtu wa kutoboa ubao na kuviunganisha. Kwa kawaida mtu huyo ni fundi wa duka. Hapa Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, majani yanapoanza kupukutika utakuta pia magereji ambamo mwenye skii anaifanya kazi hiyo mwenyewe, kwa drili ya kawaida na kiolezo cha mashimo alichokichapisha nyumbani kwenye karatasi.

Riziki yangu naipata kwa kukagua miradi ya jamii, na sijaona kazi ndogo inayoonyesha waziwazi kama hii jinsi mpango unavyoweza kutimizwa kipengele kwa kipengele na lengo lake lisifikiwe. Kifungio kina kazi mbili zinazopingana. Kinatakiwa kulishika buti imara wakati mtu anateremka mlima kwa kasi, kisha kifyatuke na kuliachia pale anapoanguka, kabla mfupa wa muundi haujavunjika. Kushika kunaonekana kwa macho pale pale gerejini. Kuachia hakuonekani, na ndiko kunakosahaulika.

Jirani yangu ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Familia yake ni miongoni mwa familia nyingi za Wakongo na Warundi zilizopewa makazi katika miji ya Burlington na Winooski. Binti yake, aliye sekondari, alipelekwa mlimani na shule na akaupenda mchezo. Baba akamnunulia skii zilizokwishatumika katika mnada wa vifaa vya msimu, na vifungio vipya akaviagiza. Bei ya fundi aliiona kubwa, foleni nayo ilikuwa ndefu. Akamwita shemeji yake, seremala wa siku nyingi, wakaanza kazi, na mimi nilikuwepo.

Mpango ulikuwa mfupi: bandika kiolezo, toboa, tia gundi, kaza skrubu, rekebisha, weka namba. Seremala hakuuamini tangu mwanzo, na alikuwa na haki. Alianza na karatasi yenyewe. Printa nyingi hupunguza picha kidogo ili ienee kwenye ukurasa, na mtu asipoangalia hajui. Upungufu wa asilimia 3 tu kwenye mashimo yaliyoachana milimita 40 unazidi milimita moja, na hapo skrubu haitaingia wima. Ndiyo maana kiolezo kizuri huwa na mstari wa kupimia pembeni. Unaweka rula juu yake. Kama mstari ulioandikwa milimita 100 unasoma 97, karatasi hiyo ni ya kutupa. Alizitupa za kwanza, akachapisha nyingine.

Kisha ikaja katikati ya ubao. Skii ni nyembamba kiunoni, pana kichwani na mkiani, na michoro ya rangi iliyo juu yake haifuati mstari wa kati. Anayepima kwa kufuata michoro atafunga buti likiwa limekaa upande. Seremala alipima upana sehemu kadhaa, akagawa kila upana kwa mbili, akaunganisha alama kwa penseli juu ya utepe wa karatasi. Halafu akaitafuta alama ya katikati ya soli, ambayo huwa imechorwa ubavuni mwa buti, akailinganisha na alama ya kiwandani kwenye skii. Shida ikawa mashimo ya zamani. Tundu jipya likikaribiana mno na la zamani, mbao iliyobaki kati yao haina nguvu. Mafundi wengi hutaka nafasi ya sentimita moja hivi. Tundu moja la nyuma halikuwa na nafasi hiyo, ikabidi kiolezo kisogezwe milimita chache mbele, na mashimo ya zamani yote yazibwe kwa vijiti vya plastiki na gundi.

Kutoboa ndiko kunakotisha, kwa sababu hakufutiki. Biti ya kawaida ya kazi hii ina kipenyo cha milimita 3.6 na inaingia milimita 9 tu. Kwa skii zenye tabaka la metali ndani hutumika ya 4.1. Ukizidisha kina unatokea upande wa pili, kwenye soli ya skii yenyewe, na ubao umeharibika. Wapo wanaozungushia biti utepe kama alama ya kusimamia, lakini utepe husogea juu drili inapozunguka. Pete ya chuma inayokazwa kwenye biti ndiyo inayoaminika. Kipenyo kinachotakiwa huandikwa juu ya skii nyingi, ila kwenye hizi maandishi yalikuwa yamechubuka. Wakaanza na 3.6. Tundu la kwanza likatoa unga mweupe wa mbao na plastiki, na katikati ya unga ule kukatokea nyuzi fupi zinazong'aa kama fedha. Seremala akazima drili, akaziokota kwa kidole, akamwonyesha shemeji yake. Ilikuwa aloi ya aluminiamu. Wakabadilisha biti, wakakata meno ya skrubu ndani ya kila tundu kwa kifaa chake, maana skrubu ikilazimishwa kupita kwenye metali inaliinua tabaka badala ya kulishika.

Tone la gundi kila tundu, ili maji yasiingie kwenye kiini cha mbao. Bisibisi ya Pozidriv namba 3, maana ile ya nyota ya kawaida huteleza na kula kichwa cha skrubu. Skrubu zikazwe kwa mkono, kwa kupishana pembe kwa pembe. Hayo yalikwenda vizuri. Buti lilipoingia na kifungio cha nyuma kikalia, jirani yangu alilitikisa kwa nguvu zake zote.

"Shemeji, imekamata kabisa."

Miradi mingi hufungwa kwenye sentensi hiyo. Picha inapigwa, zana zinarudishwa kabatini. Ilhali marekebisho muhimu ndiyo kwanza yanaanza. Kifungio cha nyuma hutakiwa kulisukuma buti mbele kwa nguvu maalumu, ili skii inapopinda chini ya mguu buti lisichomoke wala lisibanwe. Kuna alama ndogo inayoonyesha kama msukumo huo uko mahali pake. Urefu wa kifungio cha mbele juu ya soli nao, kwa aina zinazorekebishwa, lazima ulingane na soli ya buti husika, kwa kuwa soli za siku hizi si za aina moja. Mwisho inakuja namba ya kufyatuka, ambayo wengi huiita DIN. Inatafutwa kwenye jedwali kwa uzito, kimo, umri, urefu wa soli kwa milimita na namna mtu anavyoteleza. Watoto wadogo na watu wa miaka 50 na kuendelea hupangiwa namba ya chini zaidi. Jedwali hilo haliwezi kujua kama limedanganywa. Anayejitaja kuwa bingwa, au anayeongeza kilo kidogo, anajipandishia namba, na mguu wake ndio utakaolipa.

Hata namba ikiwa sahihi, inabaki kuwa namba iliyosomwa kwenye kidirisha cha plastiki. Springi huchoka, vumbi huingia, soli hulika. Kwa hiyo duka lenye utaratibu huweka skii mezani na kupima kwa kifaa ni nguvu kiasi gani ya kusokota na ya kuinamia mbele inayolitoa buti kweli. Kiwango cha kimataifa, ISO 11088, kinaelekeza namna ya kuunganisha, kurekebisha na kukagua. Nyumbani mtu anaweza kuvaa skii kwenye zulia na kusokota mguu polepole hadi kifungio kiachie. Ni jaribio la kusaidia, lakini halichukui nafasi ya kipimo.

Jirani yangu alizipeleka skii kwenye duka la karibu ili zipimwe tu. Wakakataa. Sababu yao ilikuwa kwamba hawakuzifunga wao. Woga huo naufahamu: watengenezaji hutoa orodha ya vifungio wanavyovibebea dhamana ya kisheria, na duka likigusa kilicho nje ya orodha, au kazi ya mtu mwingine, linajiona limebeba mzigo peke yake. Lakini matokeo yake ni kwamba yule aliyefanya nusu ya kazi kwa uangalifu anafungiwa mlango wa nusu nyingine, iliyo muhimu zaidi. Anaambiwa usijipime mwenyewe, kisha anaambiwa na sisi hatukupimi.

Duka la pili, katika mji wa mbali kidogo, lilikubali kupima na kuandika matokeo bila kudhamini ufungaji. Kifungio cha kulia kilifyatuka ndani ya kiwango. Cha kushoto, chenye namba ile ile kwenye kidirisha, kilihitaji nguvu kubwa mno ya kusokota. Fundi alipitisha ukanda mwembamba wa karatasi kati ya soli na kibao cha mtelezo, kile ambacho soli hukalia kwenye kifungio cha mbele. Upande wa kulia ulipita, wa kushoto ulikwama. Kifungio hicho cha mbele kilikuwa kimeshushwa kupita kiasi na kinalikandamiza buti. Alizungusha skrubu ya urefu kidogo, akapima tena, kikaachia inavyotakiwa. Skrubu zote nane za skii ile, alisema, zilikuwa zimefungwa vizuri kuliko kazi nyingi anazoziona.

Kuachia huku kulianza na mguu uliovunjika. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyekuwa akiishi Portland, Oregon, alivunjika mguu mlimani, na akiwa hospitalini akizinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi aliomba penseli na karatasi na kuchora kifungio kinachofyatuka. Hapa hapa Vermont, kwenye mlima wa Sugarbush, Robert Johnson, Carl Ettlinger na Jasper Shealy walianza mwaka 1972 kufuatilia majeraha msimu baada ya msimu, na kazi yao ya miaka mingi ilionyesha jinsi mivunjiko ya muundi ilivyopungua vifungio na marekebisho yake vilipoboreka. Kano za goti ni habari nyingine. Vifungio vya kawaida havikuundwa kuzilinda, na hakuna namba ya kwenye kidirisha itakayobadilisha hilo.

Nayasema haya nikiwa upande wa wanaojifungia wenyewe. Mwenye mikono mizuri, biti sahihi na subira ya kupima mara mbili anaweza kutoboa skii zake, na familia zenye kipato kidogo zina haki ya kuufikia mlima bila kulipia kila hatua. Ninachokidai ni huduma ndogo: kila duka lenye kifaa cha kupimia lipime skii yoyote iliyo na kifungio kinachokubalika, limwandikie mwenyewe matokeo, lichukue malipo ya kipimo hicho tu. Karatasi hiyo haisemi nani alitoboa. Inasema buti linatoka kwa nguvu kiasi gani, upande wa kulia na wa kushoto.

Duka la karibu halijabadili msimamo. Binti naye amekua na kuongezeka uzito, buti lake jipya lina soli ndefu zaidi, kwa hiyo namba ya msimu uliopita haimfai tena. Kifungio cha nyuma kitasogezwa kwenye reli yake pale pale gerejini, bila tundu jipya, kisha skii zitapakiwa garini kwenda kwenye kile kifaa cha mbali kabla hajazivaa.