Matangazo kwenye tovuti: namna tulivyopoteza dola 87 kwa kupendana



Juma lililopita, kisha mkutano, mama wawili walituuliza swali moja: “Ni kweli mtu anaweza kuandika mambo yake kwenye intaneti na kupata feza?” Ndiyo, ni kweli. Sisi tulijaribu. Tulipata, kisha tukapoteza, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Tunawaeleza yote hapa bila kuficha, ili mwenye binti au mwana nyumbani anayetaka kujaribu asianguke pale tulipoanguka.

Mashini ya kushona iliyowekwa rehani

Binti wa mwenzetu mmoja wa Katuba alimaliza shule, akakaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Alijua kupika na alijua kuandika. Akataka kufungua tovuti ya mapishi ya kwetu Lubumbashi: sombe, kapenta, lengalenga ya karanga, na namna ya kusonga bukari isiyo na madonge. Aliomba kikundi dola 60: dola 12 za kulipia jina la tovuti kwa mwaka, dola 28 za kulipia mahali pa kuitunza, na dola 20 za mega.

Mkutano ule ulikuwa mrefu. Mama mmoja alisema, “Feza za sanduku ni za kununua unga na karanga, si za kununua hewa.” Mama wa binti hakujibu kwa maneno. Aliweka mashini yake ya kushona kuwa rehani. Tulitoa mkopo, kurudisha dola 66 kisha mwaka mmoja.

Feza zinatoka wapi?

Fikirini ukuta wa duka kando ya barabara. Kampuni ya bia au ya simu inaupaka rangi zake na kumlipa mwenye ukuta, kwa sababu wapita njia wengi wanauona. Tovuti ni ukuta kama huo. Jambo hili lilianza kujulikana Marekani mwaka 1994, tovuti ya HotWired ilipowekea wasomaji wake picha ya tangazo la kampuni ya simu AT&T.

Lakini mwenye kutangaza hawezi kuzunguka kutafuta kila tovuti ndogo. Kwa hiyo kuna makampuni yanayokaa katikati: yanapokea feza za wenye kutangaza, yanaweka matangazo kwenye tovuti za watu, yanachukua sehemu yao, na kumpa mwenye tovuti inayobaki. Inayojulikana zaidi ni AdSense ya Google, iliyoanza mwaka 2003. Kuna zingine nyingi. Ile tuliyoitumia sisi hatuitaji jina hapa.

Mwenye tovuti analipwa hasa kwa hesabu ya mara matangazo yalivyoonekana, na mara nyingine kwa mara yalivyofinywa. Bei haifanani. Msomaji wa Ubelgiji au Kanada kwa kawaida analeta feza kuliko msomaji wa hapa, kwa sababu wenye kutangaza kule wanagombania wateja kwa bei kubwa. Mwezi wa kumi na mbili watu wananunua sana na bei inapanda. Mwezi wa kwanza inashuka.

Binti yetu aliandika kila juma, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na kupiga picha za sufuria kwa simu yake. Umeme ulipokatika, aliandika kwenye daftari. Wengi waliosoma walikuwa watoto wetu walio mbali, wanaotamani sombe na hawana mama karibu wa kuwafundisha. Kwa miezi tisa tovuti ilifunguliwa kama mara 250 kila siku, na hesabu ikafika dola 61. Ni karibu senti 90 kwa kila mara elfu moja. Kwa bei hiyo, kufikia dola 100 kunaomba tovuti ifunguliwe zaidi ya mara laki moja. Ndiyo sababu tunasema: hii si njia ya kutajirika haraka.

Kosa letu

Kampuni haikulipa mpaka hesabu ifike dola 100. Mwaka ulikuwa unaisha, na mashini ya kushona ilikuwa ingali kwenye rehani. Mama mmoja akasema kwa moyo mwema, “Sisi tuko ishirini na mbili. Tumsaidie mtoto. Kila jioni tufinye matangazo yake.” Tulikubali wote. Kisha chakula, kila mmoja alichukua simu na kufinya. Wengine waliwafundisha hata wajukuu. Kwa majuma matano hesabu iliruka kutoka dola 61 mpaka dola 87. Tulipiga vigelegele.

Kisha ikaja barua pepe fupi: akaunti imefungwa, feza zote zitarudishiwa wenye kutangaza. Si zile dola 26 tulizozifinya peke yake. Hata zile 61 za jasho la binti zilikwenda.

Tulikasirika kwanza. Baadaye tulikaa na kujiuliza: kama sisi tungekuwa muuzaji wa sabuni, tunalipa kila mara mtu anapoingia kuangalia sabuni, na watu ishirini na wawili wanaingia kila jioni bila nia ya kununua, tungesema nini? Tungesema tumeibiwa. Binti alikuwa amesoma sheria hiyo siku ya kujiandikisha. Alijua tunachofanya, lakini aliona haya kuwakataza mama zake. Hilo ndilo lililotuumiza kuliko feza. Heshima ni nzuri, lakini mtoto anayejua kazi yake lazima apewe ruhusa ya kutuambia, “Mama, hapana.”

Ukuta bado ni wetu

Mashini hatukuichukua. Tuliona kwamba deni tulilisababisha sisi, na tukampa binti miezi sita zaidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alimwendea mwanamke anayeuza vyombo vya jikoni sokoni, akamwambia, “Watu wanaosoma mapishi yangu wanahitaji sufuria. Weka picha yako kwangu, dola 5 kwa mwezi.” Akakubali. Kisha msusi mmoja, kisha mama wa karamu za ndoa, kisha muuza unga. Wateja wanne, dola 20 kwa mwezi, zinalipwa kwa simu, hakuna kungoja dola 100. Mwezi wa nne deni liliisha. Mashini ilirudi nyumbani, na sisi tuliibeba.

Mukitaka kujaribu, shikeni haya:

1. Musifinye kamwe matangazo ya tovuti yenu, wala musiombe jamaa au rafiki wafinye.

2. Kujiandikisha AdSense ni bure. Mtu akiwadai feza ili awaandikishe, kimbieni.

3. Mwenye akaunti lazima awe na miaka 18. Mtoto mdogo aandikishwe kwa jina la mzazi.

4. Someni kiwango cha malipo kabla ya kuanza. AdSense inalipa kuanzia dola 100. Tena, hesabu ikifika dola 10, inatuma kwa posta barua yenye namba ya kuhakikisha anwani. Kwetu barua haifiki mlangoni, basi tafuteni kwanza sanduku la posta la kutegemea.

5. Andikeni ya kwenu. Tovuti iliyonakili maandiko na picha za wengine inakataliwa.

6. Fanyeni hesabu ya mega. Ukitumia dola 10 kwa mwezi kupata dola 7, hiyo si biashara.

7. Feza ya minerval na ya unga isiguswe. Anzeni na ile ambayo ikipotea, watoto watakula.

Leo binti anafundisha wasichana wengine watatu kuandika na kupiga picha. Na yule mama aliyesema tunanunua hewa? Picha ya unga wake ndiyo iko juu kabisa ya ukurasa wa bukari, na analipa kila tarehe moja bila kukumbushwa.

Mwenye swali alilete kwenye mkutano ujao, pamoja na daftari yake ya likelemba. Mubaki na amani katika jamaa zenu.