Kitenzi kirefu, kioo kidogo

Kompyuta ya kuvaliwa ni ile inayokaa mwilini: saa janja, miwani, au bangili ya kupima mapigo ya moyo. Wengi hudhani kwamba programu yake ni ile ya simu iliyopunguzwa ukubwa. Sivyo. Simu tunaishika ili tuitumie. Saa tunaitazama mikono ikiwa na kazi nyingine. Mwaka 2010, katika tasnifu yake ya udaktari huko Georgia Tech, Marekani, Daniel Ashbrook alichunguza matumizi ya namna hiyo, yanayoanza na kwisha ndani ya sekunde 4. Basi programu inayofaa husema jambo moja, likaeleweka kwa kutupa jicho mara moja.

Hapo ndipo isimu inapoingia. Kifaransa husema « Ils ne t'ont pas encore payé »: herufi na nafasi 28. Kiswahili husema « hawajakulipa »: herufi 12. Ukanushi, mtenda, wakati na mtendwa vimo vyote katika neno moja. Kwa kioo kidogo, hiyo ni faida kubwa.

Lakini faida hiyo ina mtego. Ujumbe ukizidi nafasi, programu nyingi hukata mwisho wake na kuweka nukta tatu. Katika kitenzi chetu viambishi hutangulia, mzizi hufuata. Ukikata baada ya herufi ya 10, unabaki na « hawajakuli… ». Je, hawajakulipa, hawajakulisha, au hawajakuliza? Mama muuza unga anayesubiri pesa yake ameambiwa ni nani na kwa nani; hakuambiwa nini.

Tena kuandika kwenye saa ni taabu, kwa hiyo mara nyingi tunaisemesha. Programu iliyofundishwa Kiswahili sanifu peke yake hutarajia « watalipa ». Hapa Lubumbashi wengi tunasema « batalipa ». Isipoijua ba- yetu, mtu atarudia mara tatu, kisha atatoa simu mfukoni. Saa imekuwa pambo.

Kwa maoni yangu, mtengenezaji angejaribu kwanza vitenzi virefu kabla ya kuchagua rangi: kitenzi kishuke mstari wa pili kizima, kisikatwe kamwe, na masikio ya programu yafundishwe Kiswahili kinachosemwa sokoni. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mafundi wa kompyuta peke yao. Sisi tunaochambua viambishi darasani tunaijua tayari nusu yake.