KUOMBA MOTO NA KULETA KUNI
Somo juu ya michango ya hiari kwa programu zinazotolewa bure

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: programu, huria, hiari. Somo la leo ni juu ya maneno hayo.

Programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, ambayo kompyuta au simu huyafuata ili ifanye kazi fulani, kama vile kuandika barua, kupiga hesabu, au kuonyesha ramani. Programu nyingine huuzwa. Nyingine hutolewa kwa watu wote, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kumpa mwenziwe. Hiyo huitwa programu huria.

Je, mtu aweza kutoa mali yake kwa wote asipungukiwe? Mama zetu wanajua jibu. Mtoto hutumwa kwa jirani kuomba moto. Huchukua kaa moja katika kigae, na moto wa jirani hauzimiki. Programu ni hivyo hivyo. Watu elfu wakiinakili, ile ya kwanza haipungui.

Lakini tazama jambo jingine. Moto hauzimiki kwa kuombwa, huzimika kwa kukosa kuni. Na kuni lazima mtu aende kuzitafuta. Programu nayo ina kuni zake: makosa yarekebishwe, wezi wazuiliwe, na mashine mpya zinapotoka, programu ilinganishwe nazo. Kazi hiyo hula saa za mtu, na mtu huyo naye ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji huwaomba watumiaji mchango wa hiari.

Tutazame mfano wa kweli uliotokea karibu na kwetu. Ukitoka Kibondo kwenda kaskazini utafika mkoa wa Kagera, na ng'ambo ya mpaka wa Kagera iko wilaya ya Rakai, nchini Uganda. Huko kuna mahali paitwapo Kibaale. Mwaka 1994 alifika huko bwana mmoja wa Uholanzi, jina lake Bram Moolenaar, akajitolea kufanya kazi ya maji na usafi. Rakai ilikuwa imepigwa vibaya na ukimwi, na watoto wengi walikuwa yatima.

Bwana huyu alikuwa mtengenezaji wa programu ya kuandikia iitwayo Vim, aliyoanza kuitoa kwa watu mwaka 1991. Aliporudi kwao hakuanza kuiuza. Alisema kila mtu aitumie bure, lakini anayeipenda anaombwa awasaidie watoto wa Uganda. Kwa miaka mingi mtu alipoifungua Vim alikuta maneno machache ya ombi hilo kwenye kioo. Michango ilipitia chama kiitwacho ICCF Holland, ikasaidia kituo cha watoto cha Kibaale. Bram Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na programu yake ikaendelea kutunzwa na wenzake.

Sasa mzee mmoja aweza kuuliza: "Mwalimu, nikitumia nisitoe, je, mimi ni mwizi?" La, mzee wangu. Hiari maana yake ni moyo wako mwenyewe. Vim ilifanya kazi sawasawa kwa aliyetoa na kwa asiyetoa. Mchango ukiwekewa kiasi na tarehe, na asiyetoa akafuatwa nyumbani, huo si wa hiari tena, hata ukiitwa hivyo.

Lakini hiari ina udhaifu wake. Kila mtu husema moyoni, "Wengine watatoa." Mwaka 2014 kosa kubwa liligunduliwa katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za watu kwenye intaneti. Mashine nyingi sana duniani ziliitegemea, na makampuni makubwa yaliitumia. Hata hivyo michango iliyopatikana kabla ya hapo ilikuwa kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Wote walikuwa wameomba moto, na karibu hakuna aliyeleta kuni. Baada ya hofu hiyo ndipo makampuni yalipotoa fedha.

Asiye na fedha aweza kuleta kuni za namna nyingine. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitia programu ya OpenOffice maneno ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kutafsiri ni mchango. Kueleza kosa uliloliona ni mchango. Kumfundisha jirani ni mchango pia.

Basi kabla ya kutoa shilingi yako, uliza mambo matatu. Nani anaomba? Fedha zitafanya kazi gani? Tutajuaje kwamba zimefika? Na kumbuka: mchango wa hiari hauhitaji namba yako ya siri. Anayeitaka ni mwizi, hata akilitaja jina la yatima. Usimpe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Moto wa jirani na programu huria vinafanana kwa nini?
2. Bwana Moolenaar aliomba mchango kwa ajili ya nani?
3. Taja mchango mmoja wa kijijini kwako. Je, ni wa hiari kweli? Unajuaje?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.